Mbwa wa Ijumaa

Safari hii mbwa alitakiwa avae skafu ya kijani. Phiona alikuwa amemaliza shingo; lililobaki ni sikio la kushoto, lile lililochanika, ambalo kila wiki lilimlia nusu saa kwa sababu ya manyoya.

Mzee Ocokoru alikaa kwenye benchi la studio ya picha, kofia mapajani, akifuatilia kioo cha kompyuta kama mtu anayetazama jeraha lake likishonwa. Watu wengine huja kwenye studio hii ya Arua kusafishiwa chunusi au kung'arishiwa meno pichani kabla ya harusi. Mzee huyu alikuja kila Ijumaa kutengenezewa mbwa.

Maana mbwa mwenyewe hakuwapo. Sajini alipotea Jumapili moja mzee akiwa kanisani, wiki tatu tu baada ya Draku, mwanawe wa pekee, kuondoka kwenda kufanya kazi Dubai. Mzee alirudi nyumbani Onduparaka akakuta mnyororo umelala uani. Haukukatika, ulifunguliwa. Majirani, ambao Sajini hakuwa akiwapa usingizi kwa kubwekea kila apitaye, waliapa kwamba siku hiyo hawakusikia hata mguno.

"Mwizi alimujua sana," mzee alisema siku ya kwanza alipoingia studio.

Phiona alimpa pole, akamuuliza kwa nini asimwambie kijana ukweli, yakaisha.

"Mutoto yangu, mimi na Draku tulikaa miaka tatu nyumba moja bila salamu. Nikauza ng'ombe yangu ya kulima, apate kwenda. Asubuhi ya safari alisema neno moja tu: 'Angalia mbwa.' Sasa kila Ijumaa anapiga simu kuuliza mbwa. Tukimaliza ya mbwa, anauliza goti yangu. Anauliza muhogo. Anacheka, unasikia? Nikisema mbwa imepotea, atapiga simu kuuliza nini tena?"

Phiona alimhurumia mno, akavuta kiti akaanza kazi.

Picha halisi za Sajini zilikuwa nne tu, alizozipiga mzee kwa simu yake kabla balaa halijaingia. Kutokana na hizo nne, Phiona alikuwa amekwisha kuzaa kumi na moja. Alikata, akageuza, akanenepesha mbavu, akafuta mnyororo, akapanda nyasi pale palipokuwa na tope. Kilichomchosha ni masharti ya kijana. Wiki moja alitaka kumwona mbwa amekaa mbele ya kanisa la Mvara. Wiki nyingine akamtaka juu ya pikipiki. Sasa skafu ya timu yake ya mpira. Phiona alianza kumchukia mtu ambaye hata hajawahi kukutana naye.

Lakini majibu yake yalikuwa ya upole, hilo alimkubalia. "Asante Baba. Naona imenona. Unaitunza vizuri kabisa." Mzee aliyasoma kwa sauti, mara mbili mbili, kila mteja aliyekuwamo asikie.

Draku naye hakuwa mchoyo wa picha. Kila mwezi alituma moja: amesimama wima, shati la buluu, maghorofa ya vioo nyuma yake. Mzee alipomwonyesha, Phiona aliona kwamba jua lilimpiga kijana kutoka kushoto, ilhali maghorofa yalipigwa kutoka kulia. Ila yeye mwenyewe Dubai hajafika, na huenda kule wana majua mawili.

"Iko tayari?" mzee aliuliza. "Saa ya simu inakaribia."

"Dakika tano, Mzee. Nimalize sikio."

"Leo nitamuambia mvua ya huko Logiri ilianguka vizuri. Ile shamba ya mama yake." Alitabasamu peke yake, akapangusa kofia isiyo na vumbi. "Zamani alikuwa hataki kusikia jina ya ile shamba. Juzi ameniuliza mwenyewe."

Phiona alimwangalia uso, akaona furaha ya mtu mzima ambaye hajui aiweke wapi. Akaapa moyoni kwamba hata kijana akitaka mbwa apande ndege, yeye atampandisha.

Simu ya Phiona ikatetemeka mezani. Alikuwa Marino, mpiga picha wa Koboko, mwendo wa saa moja tu na kitu kwa barabara ya lami. Marino ni fundi hodari wa binadamu, ila manyoya humshinda. Kila akipata picha ya mbuzi wa mahari au paka wa padri, humrushia Phiona amkatie mnyama.

Picha aliyotuma leo ilikuwa ndefu, kwa hiyo kwenye kidirisha cha ujumbe ilionekana nusu ya juu peke yake: paa la mabati, karai la chapati likitoa moshi, na kijana aliyesimama wima na shati la buluu.

Phiona aliutazama uso ule. Akamtazama mzee kwenye benchi. Akautazama tena.

"Nini?" mzee aliuliza. "Umeme imeisha?"

"Hapana, Mzee. Ni kazi tu ya watu."

Chini ya picha Marino alikuwa ameandika: "Dada, nisaidie mbio, huyu mutu anataka kuituma leo. Magorofa ninayo, nitaweka mwenyewe kama kila mwezi. Wewe unitolee tu mbwa yake, hii ya sikio kupasuka, leo imekataa kabisa kutoka kwa miguu yake."