Mbele ya Kiti cha Bwana Shauri

Boma lilipotekwa asubuhi ile, wapiganaji walimleta uwanjani Bwana Shauri, mzungu aliyewatawala. Bila kuamriwa akachuchumaa vumbini, kama alivyowachuchumaza wenyeji mbele ya kiti chake miaka yote.

"Kikalie, mama," wapiganaji wakamwambia kamanda wao, Nyanzala. "Sasa ni zamu yetu!"

Nyanzala alikitazama kile kiti. Magoti yake yaliujua uwanja ule.

"Tuliapa kuwa huru," akasema. "Hatukuapa kuwa yeye."

Akamshika mzungu mkono. "Simama, bwana. Katika nchi hii hachuchumai mtu tena."

Nyuma yake vumbi likatimka. Wenyeji waliokuja kushuhudia, nao wakiwa wamechuchumaa kwa mazoea, walikuwa wakiinuka, na vigelegele vikahanikiza hata kabla magoti hayajanyooka.