Dole Gumba la Bi Zaituni

Bi Zaituni hakumwita mbunge Mwasaru Mheshimiwa, kama walivyomwita wenzake waliopanga foleni nje ya ofisi yake. Alimwita wakili, kama zamani, Mwasaru alipomtetea mahakamani mpaka mama huyo akashinda kesi ya kiwanja chake cha kando ya reli.

"Wakili, nisomee hii." Aliweka mezani karatasi ya halmashauri. "Wametaka nitie dole gumba, nimekataa. Si wewe uliyenifunza? Usitie dole karatasi ambayo hujasomewa yote."

Mwasaru aliisoma kimyakimya. Kiwanja kilikuwa kinachukuliwa. Chini ilitajwa sheria mpya, kifungu cha tisa.

"Na ile hukumu yetu?"

"Sheria hii imeifuta, mama."

"Nani kaipitisha?"

Mwasaru aliikumbuka jioni ile bungeni. Muswada wa sheria hiyo ulikuwa wa kurasa mia mbili, na wabunge walikwisha kufunga mikoba yao. Spika alipouliza wanaoafiki, Mwasaru naye aligonga meza, akaitikia ndiyo pamoja na ukumbi mzima.

"Sisi," alisema. Kisha akasema, "Mimi."

Bi Zaituni hakupandisha sauti. Alisogeza kiti karibu na meza tu. "Ulipoisoma, ilisemaje?"

Mwasaru alivuta droo, akautoa muswada. Kurasa zake zilikuwa bado zimegandana. Alizibandua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama alivyokuwa akimsomea zamani, akaanza kusoma kwa sauti.

Bi Zaituni alisikiliza, dole gumba amelificha ndani ya ngumi.