Karamu ya Kenge

Palikuwa na Mtetea mpole aliyetaga yai kila asubuhi, na Kenge mlafi aliyelila yai hilo kila jioni. Mtetea alitamani mno vifaranga, lakini damu yake haikupeleka mwilini habari ya kuatamia, kwa kuwa tumbo halikuwahi kugusa kiota kilichojaa mayai.

Kenge akachoshwa na yai moja moja. “Nitayaacha yajae,” akasema, “kisha nile karamu!”

Yakajaa. Tumbo likayagusa, damu ikaeneza habari mwili mzima, na Mtetea akapandwa na joto asilowahi kulijua. Manyoya yakamsimama, moyo ukamdunda kwa furaha.

“Hodi, jirani!” Kenge akabisha, akilamba midomo.

“Hakuna karibu hapa!” Mtetea akamrukia, akamdonoa pua, akamparura uso.

“Mama wee! Jana si ulikuwa mpole?” Kenge akalia huku akikimbia.

“Nilikuwa sijawa mama. Umenifanya mama wewe, jirani. Ahsante!”