Neno Kwenye Barua ya Kampuni

"Redundant," mwalimu alisoma, na kikombe chake kikabaki hewani.

Nyakerario, aliyechuma chai kwa miaka ishirini na mbili, alikuwa amemletea barua ya kampuni amsomee. Mashine za kuchuma zilikuwa zimeingia shambani juzi.

"Hiyo ni kusema nini, mwalimu?"

Mwalimu akakimbilia mzaha, vile alizoea. "Hilo neno ni zee kuliko nyanya yangu, mama. Waingereza walilitoa kwa Kilatini. Warumi walisema hivyo maji yakijaa mtungi mpaka yamwagike. Na ukilichimba zaidi, ndani unapata wimbi."

"Wacha mchezo. Maji inaingilia wapi kwa chai?"

Mzaha ukamwishia. "Wanasema umezidi, mama. Kazi imeisha, na nyumba yao uirudishe kwa siku saba ukikubali. Usiweke kidole kama sahihi. Twende kwa chama cha wafanyakazi."

Nyakerario akageuza karatasi polepole. Nyuma kulikuwa na alama nyeusi ya dole gumba, laini kabisa, haina mstari hata mmoja. Majani ya chai yalikuwa yamemaliza mistari yote ya kidole chake.

"Karani wa kampuni alituambia alama ni ya kuandikisha watu wa kuendesha mashine," akasema.