Maua ya Mwaka wa Pili

Kwa sheria, kila Januari kila familia ilihamia nyumba nyingine. Namsifu aliacha nyuma maua aliyoyamwagilia mwaka mzima yakiwa majani matupu, maana huchanua mwaka wa pili, kisha hujipanda yenyewe. Alipofika nyumba mpya hakufungua hata masanduku. Alishika jembe, akang'oa magugu yote bila kuyatazama, kama wahamiaji wote.

“Mama Neema,” mumewe aliita, akiokota jani lenye manyoya, “haya si kama yale yako?”

Namsifu alilipapasa. Ndiyo yenyewe. Maji yalikwisha kumwagika.

Akainua macho. Ng'ambo ya bonde, kwenye uwanja aliouacha asubuhi, mwanamke mgeni alishika jembe. Namsifu akampigia ukelele. Yule mama akampungia mkono kwa furaha, kisha akainama kulima.