Asilimia Tisa

Betri ya kamera ilibaki asilimia tisa, na mheshimiwa ndiyo kwanza anakohoa kusafisha koo. Kibondo umeme haukuwapo tangu Jumapili. Manirambona angechajia wapi, juani?

"Mzee wa kamera, usikose hata neno langu moja," mheshimiwa alimwambia, mbele ya zahanati iliyopakwa rangi jana.

"Sawa, mheshimiwa."

Akaiweka kamera jichoni, akaizima. Maneno ya wakubwa aliyashiba siku mkewe alipokata roho akingoja gari la wagonjwa, kumbe wakubwa hao walikuwa wamekwenda nalo mkutanoni.

Nusu saa nzima alisimama hivyo, jicho moja amelifumba, jingine likitazama giza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyechaguliwa kutoa shukrani za kijiji, alikuwa amemnong'oneza asubuhi: "Baba, mimi sishukuru. Unirekodi."

Hotuba ilipokwisha, mama akapewa kipaza sauti. Manirambona akawasha kamera, akazima ile mashine ya ndani ya kutuliza picha, maana inakula betri kama moto wa nyikani. Picha ikaanza kucheza; mikono yake haijatulia tangu mazishi. Akabana viwiko mbavuni, akazuia pumzi, mpaka uso wa mama ukatulia kiooni.

"Dada yangu alifia hapo mlangoni na uchungu wa uzazi," mama alisema. "Funguo za zahanati mlikuwa nazo ninyi."

"Zima kamera!" mheshimiwa alifoka.

"Betri itazima yenyewe, mheshimiwa," Manirambona akajibu. "Mimi sizimi."