Asali ya Kumwagwa

"Imwage," mwanamke alisema. "Tena uimwage mbele yangu."

Mkaguzi aliigeuza ile chupa mkononi. Asali nzito, ya kahawia, nusu lita nzima. Kwenye begi la mkononi haipandi ndege, hilo halina mjadala. Lakini kuimwaga?

"Dada, muda unao," akamwambia kwa upole. "Rudi kaunta, waitie kwenye begi kubwa, itafika salama. Au mpe aliyekusindikiza."

Mwanamke akaitazama chupa kwa muda mrefu, mpaka foleni nyuma yake ikaanza kuguna. "Ni ya mume wangu," akasema. "Anapenda sana asali." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Imwage. Asiile mtu."

Loo, roho mbaya hiyo! Mkaguzi alishawaona wengi wa namna hii, wanaovunja chupa ya manukato sakafuni ili tu asifaidi mwingine.

"Sinki iko huko nyuma, abiria haruhusiwi," akamdanganya. "Nitaimwaga mwenyewe. Haki ya Mungu."

Sheria ilikuwa wazi: kila kioevu kilichokamatwa kimwagwe kabla ya zamu kwisha, na aliyekimwaga atie sahihi. Mkaguzi alikuwa hodari wa kutia sahihi. Wenzake walimwita Pipa, maana hakuna kizuri kilichoingia kwenye pipa lake kikafika jalalani. Wala hakuona haya. Cha kutupwa hakina mwenyewe, ndivyo alivyosema siku zote.

Na leo alikuwa na sababu. Bintiye wa miaka minne alikuwa anakohoa wiki ya tatu sasa, kifua kinakoroma, nyumba nzima hailali. Dawa za chupa zimeshindwa. Mama mkwe alishasema, mtafutieni mtoto asali ya kweli, si hii ya dukani iliyojaa sukari.

Wakati wa chakula cha mchana chupa ilitoka ndani ya koti lake, ikaingia kwenye teksi ya shemeji yake, hiyo mpaka nyumbani.

Saa tisa mkewe akapiga simu. "Mume wangu, Mungu akubariki! Kalamba, kaomba tena, nikamwongeza. Sasa kalala fofofo, hata hakohoi."

Mkaguzi alitaka kulia kwa furaha. Wiki tatu, jamani! Akarudi kwenye mashine yake moyo mweupe kabisa.

Ndipo alipomwona yule mwanamke akitoka kwenye ukumbi wa kusubiria, macho mekundu. Ndege yake ilikuwa imechelewa. Mkaguzi akawaza: huyu kaja kuidai. Na bosi amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Kazi hii ikipotea, mtoto atatibiwa na nini?

"Kaka, ile asali," mwanamke akanong'ona. "Uliimwaga kweli?"

"Mpaka tone la mwisho, dada. Na chupa nikaisuuza."

Mwanamke akaketi palepale sakafuni, akaficha uso kwa viganja, akalia mpaka mabega yakatikisika.

"Basi mume wangu kaokoka," akasema. "Na mimi pia. Kijiko kimoja tu kingemtosha."